Garimoshi la Babu

Ilikuwa desturi ya Kidoti enzi hizo. Akishavua sare na kuosha vyombo, anavuta kigoda mbele ya kompyuta ya mama yake, mpiga chapa wa mtaa mzima. Mama akiwa kibarazani na wateja, Kidoti ana nusu saa ya kuendesha garimoshi.

Mchezo huo ulikuwa wa babu, baba yake mama. Kidoti, kusoma bado hajui, alipakatwa mbele ya kompyuta kuukuu yenye kisogo kikubwa kama tenga, kazi yake kubonyeza honi tu. "Honi, dereva! Mbuzi relini!" babu alipiga kelele, na mbuzi mwenyewe hayupo.

Babu alifariki, kompyuta yake nayo ikafa. Mchezo ukagoma kufunguka kwenye mfumo mpya wa kompyuta ya mama. Ndipo kaka yake wa chuoni akatengeneza, ndani ya kompyuta ya mama, kompyuta nyingine isiyoshikika, yenye mfumo wa zamani.

"Huyu ni kama mpangaji," kaka alimweleza. "Ana mlango wake, lakini maji mnachota tangi moja. Tangi ni kumbukumbu ya kompyuta, gigabaiti nane. Nimempa mbili. Usiguse hapo!"

Kidoti aligusa. Garimoshi lilikuwa linajikokota, akampa mpangaji saba. Likapaa! Mama alipoingia, Kidoti alilificha dirisha la mchezo bila kulizima.

Wiki ile mama alibonyeza herufi, akapiga miayo, ndipo herufi ikatokea. Mitihani ya shule aliyokuwa akiichapa ilitakiwa Ijumaa. Alhamisi akamwita fundi, mwanamke mmoja mcheshi.

"Imezeeka," mama alimwambia. "Futa vyote tuanze upya."

"Kazi zako nimeshazihamisha," fundi alisema. "Nifute?"

Kidoti aliyasikia hayo akiwa mlangoni. Akinyamaza, kosa lake litafutika, na garimoshi la babu pia. Akisema, mama huenda akalifuta mwenyewe kwa hasira.

"Ngoja, fundi! Haijazeeka. Ni mimi." Akaeleza yote.

Fundi akaangua kicheko. "Saba kwa mpangaji, moja kwa mwenye nyumba? Hata mimi ningegoma!" Akarudisha mbili, akamwonyesha Kidoti namna ya kumzima mpangaji kabisa. Herufi zikaanza kukimbia.

Mama hakucheka. "Wiki nzima unaniona nahangaika, umenyamaza?"

"Nisamehe, mama. Niliogopa utaufuta mchezo."

"Mchezo wa baba yangu, niufute mimi?" Sauti yake ikalegea. "Wiki ijayo huchezi. Umekubali?"

"Nimekubali, mama."

Kidoti sasa ni mtu mzima, na bado anakumbuka uzito wa mkono wa mama begani mwake alasiri ile.

"Kitu cha wote, mwanangu, chukua kiasi chako, mwenzako naye apate," mama alimwambia. "Na ukiharibu, sema mapema, kingali kinatengenezeka. Leo umechelewa, lakini umesema."