Mwimbaji Asiyetaja Majina

Norbert Kabulo alimsikia kabla hajamwona. Bandari ya Kalemie asubuhi ile ilifurika watu, hata pa kukanyaga hapakupatikana. Boti ya kutoka Baraka ilikuwa ndiyo kwanza imefunga kamba, wapagazi wanapigana vikumbo, wauza mikate wanapita na mabeseni vichwani, na kila mtu anapiga kelele kana kwamba analipwa kwa kupiga kelele. Katikati ya vurugu hizo ikatoka sauti ya mwanamke, nzito, ya chini, isiyo na haraka, ikimwambia mpagazi atue mzigo wake. Hakuipaza hata kidogo, na mpagazi akautua.

Norbert alikuwa amekuja kuchukua mikro ya kurekodia aliyoagiza Uvira. Akaisahau. Mtu huyu alikuwa ameishi kwa masikio yake maisha yake yote. Aliimba rege tangu enzi ambazo vijana wenzake wote walicheza rumba na kumcheka, na sasa, nywele zake za rasta zikiwa zimejaa mvi na kumfika kiunoni, alikuwa na studio ndogo mtaani Kitali ambako nusu ya vijana wa mji walirekodia nyimbo zao. Sauti kama ile haikuwahi kuingia humo. Akaifuata, akimkanyaga huyu na kumwomba radhi yule.

Mwenye sauti alikuwa amekaa juu ya robota la vitenge. Mama wa miaka arobaini na kitu, mweusi wa kung'aa, amevaa liputa la kijani lenye maua ya manjano, kilemba kimelala upande kwa madaha. Alimtazama Norbert kuanzia viatuni, akapanda polepole, alipofika kwenye nywele akatua hapo.

"Papa, unatafuta muntu?"

"Nimeshamupata. Mama, unaimbaka wapi?"

"Mimi? Mimi nauzaka vitenge."

"Sauti kama hiyo haiwezi kuuza vitenge tu."

"Na hizi nywele, mama yako alizionaka?"

"Alizionaka. Alilia wiki nzima, kisha akazizoea."

Mama yule akaangua kicheko, na Norbert, jamani, akaisha palepale.

Jina lake lilikuwa Consolate. Mjane, Mubembe wa Baraka, kazi yake kupanda na kushuka ziwa na vitenge. Akifika Kalemie alilala kwa kaka yake mkubwa, Papa Toussaint, muuza samaki wa Kataki. Siku hiyo Norbert alimbebea robota lake mpaka kwa kaka, mzee mzima, jasho linamtiririka. Mikro ililala bandarini.

Zikaanza simu.

"Rasta yangu, umekula?"

"Bado. Niko na kazi."

"Kazi gani inakataza muntu kula?"

"Kijana mumoja anamuimbia mupenzi wake. Anaimba vibaya. Niko natengeneza."

"Unatengeneza mapenzi ya watu. Na ya kwako?"

"Ya kwangu iko kwenye boti, rezo ya simu inakatikakatika."

"Basi kula, rezo itarudi."

Swali lile la chakula lilimtoa machozi siku ya kwanza, na hakuona aibu. Nani mwingine alikuwa anamuuliza? Mpiga ngoma wake alikufa wakati wa vita, wa besi alihamia Lusaka, wa gitaa aliokoka na hataki tena kusikia muziki wa dunia. Mwanamke aliyeishi naye ujanani alichoka kumngoja akaenda zake. Wazazi wamezikwa Kiambi. Kutwa nzima Norbert alikaa na sauti za watu masikioni, akizipunguza hapa, akizinyoosha pale. Wenyewe wakishaondoka alibaki na nyumba iliyo kimya kiasi kwamba alimsikia jirani akitwanga majani ya sombe. Aliyemwona jukwaani na kofia yake ya sufu angeapa kwamba mtu huyu ana ndugu dunia nzima. Hakuwa na mtu.

Siku moja Consolate alikuja studio, akavua viatu, akasikiliza nyimbo za zamani za mpenzi wake moja baada ya nyingine.

"Mbona haurushake libanga?" aliuliza.

Lilikuwa swali la haki. Huku kwetu mwanamuziki hurusha mabanga, maana yake katikati ya wimbo hutaja jina la tajiri, au la bibi ya tajiri, au la mkubwa fulani wa mji, na mwenye jina hushukuru kwa namna anayoijua. Kuna nyimbo zina majina kuliko maneno. Za Norbert hazikuwa na hata moja.

"Sijawahi," alisema. "Waliniomba wengi, nikakataa. Nitaimba jina moja tu, la bibi nitakayezeeka naye."

"Utaliimba lini?"

"Siku atakubali."

Consolate aliinamia kidole chake cha pete akakichezea. Neno hilo aliondoka nalo, na huko Baraka aliwaambia dada zake.

Sasa sikilizeni Norbert alivyoharibu. Alikuja Papa Gauthier, tajiri mwenye maboti, suti ya bluu, viatu vinang'aa. Alitaka kumfanyia Norbert konseri kubwa kwenye uwanja wa mpira, kuheshimu maisha yake yote ya muziki, vyombo vitoke Lubumbashi, watu waje mpaka kutoka Moba na Mpala. Alichotaka yeye ni wimbo mpya, na ndani yake jina la bibi yake, Arlette.

"Ni jina tu, Muzee," alisema Gauthier. "Halina uzito."

Norbert alikataa. Kisha akaomba kuwaza kidogo. Miaka ilikuwa imepita bila kupanda jukwaa la maana, na vijana aliowatengeneza walishaanza kumwita mzee wa mashine. Akakubali. Akajidanganya kwamba Consolate ataelewa, na kwa kuwa alijua anajidanganya, hakumwambia. Simtetei.

Consolate aliusikia wimbo huo katikati ya ziwa, ndani ya boti ya Gauthier mwenyewe, kwenye spika iliyofungwa juu ya kichwa chake. Arlette, ua la Zongwe. Arlette, bila wewe sina mwaka kesho. Abiria waliitikia na kupiga makofi. Yeye alijifunika kitenge usoni kama mtu anayetaka kutapika.

Aliposhuka hakumpigia. Norbert alipiga yeye, mara simu inaita bure, mara imezimwa. Mwishowe alijikokota mpaka Kataki, akamkuta uani anakunja vitenge.

"Arlette ni nani?" Consolate aliuliza bila kuinua macho.

Norbert nusura acheke kwa kutua moyo. "Njo hiyo tu? Ni bibi ya Gauthier. Simujui hata sura. Ni libanga, mama, juu ya konseri."

Alingoja acheke. Consolate aliacha kukunja.

"Heri angekuwa mwanamuke wako."

"Unasema nini?"

"Kama ungekuwa unamupenda, ningelia, ningenyamaza, ningerudi kwetu. Lakini humujui. Ulikuwa na nafasi moja katika nyimbo zako zote, ukaniambia ni yangu, ukaipa muntu hujamuona hata sura. Ili upande jukwaa."

"Nitaimba jina lako. Kesho asubuhi naingia studio."

"Nyuma ya Arlette?" Alitikisa kichwa. "Hapana, Papa Norbert. Enda nyumbani."

Papa Norbert. Hakuna aliyemtusi, lakini njia nzima ya kurudi Kitali alilirudia neno hilo. Rasta yangu alikuwa amekufa pale uani.

Wimbo ulipendwa, hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Kila duka lilikuwa linaupiga, wasichana wanauimba chinichini wakisuka, watu wanamshika mkono barabarani wakimpongeza. Alishukuru, akaingia ndani, akafunga mlango, akakaa. Simu aliiweka mezani na kuitazama. Kazi za vijana zilirundikana, na hata alipovaa kaske masikioni hakuweza kusikia kama sauti iko sawa au haiko sawa. Siku hizo alijua kwamba anaweza kuzeeka hivi, akapendwa na mji mzima, na asubuhi moja jirani avunje mlango kwa sababu ya harufu.

Wazo hilo ndilo lililomwinua. Alikwenda kwa Gauthier.

"Ile wimbo, acha kuipiga ku boti zako. Naitoa jina."

"Bila Arlette hakuna konseri, Muzee."

"Najua."

"Unakaribia miaka sitini. Jukwaa lingine kama lile halitakuja."

"Na hiyo najua."

Alitoka nje. Alililia jukwaa lile kama mtu anavyolilia maiti, palepale nyuma ya ghala la Gauthier, uso ukutani. Hakumpigia Consolate kumpa habari. Alishachoka kuongea kwa spika na kwa simu. Jina la mwanamke, kama una nia naye, unalitaja mbele ya ndugu zake.

Jumapili baada ya misa, akavaa shati jeupe na koti linalonuka sanduku, akafunga nywele nyuma, akabeba kreti ya bia begani. Nyumbani kwa Papa Toussaint, alikokuwa ametuma neno mapema, walimpokea kwa heshima. Viti vilipangwa uani kama desturi inavyotaka, upande huu kaka, wajomba na mashangazi, upande wa pili benchi refu kwa watu wa mwanaume. Maana mposaji hasemi. Watu wake ndio humsemea, yeye huinamisha kichwa tu. Norbert aliketi katikati ya benchi hilo, kulia hakuna mtu, kushoto hakuna mtu.

"Karibu, Muzee Norbert," alisema Papa Toussaint. "Watu wako wako njiani?"

"Hapana, Papa. Niko peke yangu."

Mashangazi walitazamana.

"Muntu haposi peke yake. Nani atasema juu yako?"

"Wazazi wangu walikufa. Wale nilicheza nao muziki wametawanyika." Sauti iliyowahi kujaza viwanja ilimkatika, akaanza tena. "Nitasema mwenyewe. Nimekuja kuomba Consolate. Nilimukosea, nikauza kitu kilikuwa chake. Ile konseri nimeiacha, lakini hiyo si malipo, simudai kitu. Akikataa, nitaaga vizuri, nitaenda."

Papa Toussaint alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. "Maneno yako nimeyasikia. Lakini desturi yetu, upande usio na watu hatuujibu. Ukimuumiza dada yangu kesho, tutamwita nani? Enda utafute watu, urudi."

"Sina pa kuwatafuta, Papa," alisema Norbert, taratibu, na akaanza kunyanyuka.

Consolate alitokea mlango wa jikoni, mikono imejaa unga wa muhogo. Alijifuta kwenye kitenge chake. Wote walidhani anakwenda kwa kaka yake, na shangazi mmoja akamsogezea kiti. Akampita. Akavuka uwanja, mbele ya macho yao wote, akaketi kwenye lile benchi tupu, bega kwa bega na Norbert, akamvuta koti mpaka akakaa chini.

"Kaka," alisema, "uliza sasa. Upande huu uko na muntu."

Papa Toussaint alikohoa, akatazama wajomba, akavuta kiti chake mbele, akaanza kuuliza upya.