Mdeki Uliogoma Ndani ya Ravelin

Jumapili ile Wilmot Treloar alikuwa mlangoni pake, anashona soli ya kiatu, jua la Mei likipasha mawe ya mtaa wetu pale Saltreath. Mkewe Tamsin alikuwa ameshakwenda kanisani. Alikwenda peke yake. Tangu Novemba hawakuwa wakiongozana. Mkate wa zafarani alimwachia mezani kama zamani, ameufunika kwa kitambaa. Neno hakumwachia.

Sababu yake kila mtu mtaani aliijua, au alidhani anaijua.

Wilmot alikuwa baharia wa mizinga kwenye manowari Ravelin. Ilikuwa meli ya chuma tupu, sitaha yake imelala karibu na maji hata wimbi dogo likapita juu yake. Katikati ulisimama mnara wa mviringo, mfupi, ukuta wake mnene kuliko unyayo wa mtu mzima ulivyo mrefu. Mvuke uliuzungusha mnara huo mzimamzima, pamoja na watu wake na mizinga yake miwili, mpaka midomo ielekee adui. Kuingia na kutoka kulikuwa kwa tundu moja la sakafuni, na tundu hilo lilikutana na ngazi pale tu mnara unapotazama mbele ya meli. Ukigeuka kidogo, chini ya miguu yako ni chuma.

Mizinga ilishindiliwa kwa mdomoni. Baruti kwanza, kombora likafuata, kisha watu wanne wanasukuma kwa mdeki, mti mrefu wenye pete ya shaba. Pete ikifika kwenye mdomo wa mzinga, shehena imekaa mahali pake. Pete ikibaki nje, kuna kitu kingine ndani.

Siku ile ya Novemba walikuwa wakilenga shabaha ya mbele, nahodha kashika saa, kila mtu anataka kasi. Mizinga yote miwili ilipigwa kwa pamoja. Wa kushoto ulinguruma. Wa kulia haukutoka, lakini kwa moshi na kishindo kile nani angejua? Wakaushindilia tena. Pete ikabaki nje, shibiri nne nzima.

Wilmot aliiona. "Simameni! Pete haijafika! Ule wa kwanza haujatoka!"

Kiongozi wa mzinga alikuwa Hedley Curnow, kaka yake Tamsin. "Shemeji, kama umeogopa, shuka ukanywe chai," akasema, na wenzake wakaangua kicheko. Wilmot hakuachia mdeki. Hedley akamng'oa, akamsukuma tunduni.

Wilmot alikuwa bado ananing'inia kwenye ngazi mzinga ulipopasuka.

Walikufa watu saba. Hedley, aliyesimama nyuma kabisa na kamba ya kufyatulia, alitoka akivuja damu masikioni. Mbele ya baraza la uchunguzi akaweka mkono juu ya Biblia, akaapa kwamba mtazama pete alikuwa Wilmot, kwamba Wilmot alisema imefika, kisha akakimbia. Wa kumkanusha walikuwa wameshazikwa. Wilmot akafukuzwa. Wajane wakamtemea mate sokoni. Hayo yote aliyavumilia. Lililomvunja ni Tamsin, aliyemsikiliza mpaka mwisho, akakunja mikono, akasema, "Kaka yangu hawezi kuapa uongo."

Basi Jumapili ile, kivuli kikaangukia kile kiatu. Wilmot akainua macho. Hedley.

"Shemeji."

"Hapa huna shemeji. Ondoka."

"Najua. Nistahimilie kidogo tu." Alikuwa amekonda, kola ya shati inazunguka shingoni. Akachutama, akashusha sauti. "Wametuwekea mzinga mpya. Mdeki unagoma, Wil."

"Unagoma vipi?"

"Mzinga mtupu. Nimeufuta mwenyewe. Wengine wakisukuma, pete inafika. Nikishika mimi, inabaki nje. Shibiri nne. Zilezile."

Wilmot akaendelea kushona, lakini sindano ilikuwa inakosa tundu. "Kawaambie wakubwa wako."

"Niwaambie nini? Njoo uushike pamoja nami. Mara moja tu. Nikishajua kama unagoma na kwako, nitaandika ukweli wote mbele ya nahodha leo hii, nitie sahihi. Tamsin nitamwambia kwa mdomo wangu."

Ingekuwa ni kusafishwa mbele ya nahodha peke yake, Wilmot asingenyanyuka. Lakini alitazama ndani, akauona mkate chini ya kitambaa chake. Akavaa koti.

Ravelin ilikuwa imefungwa gatini, boila zimezimwa tangu Ijumaa, mabaharia karibu wote wako kanisani. Mlinzi mmoja alimtambua Wilmot, akageuza uso. Wakashuka chini ya sitaha, wakapanda ngazi, wakaingia kwa lile tundu la sakafuni.

Mle ndani mwanga wa mchana uliingia kwa matundu mawili ya mizinga tu. Ukuta wa kulia bado ulikuwa na makovu. Walikuwa wamepaka rangi nyeupe. Rangi ilikuwa imeshabambuka, mahali saba.

"Shika," Hedley akanong'ona.

Wakaushika mdeki. Uliingia kwa ulaini, ukiteleza. Kisha ukagota. Haikuwa sauti ya chuma. Ilikuwa laini, kama umegusa tumbo la mtu.

Pete ilikuwa nje. Shibiri nne.

"Unaona?" Hedley alikuwa analia bila sauti. "Unaona?"

Wilmot akaachia. Mdeki ulikaa vilevile, umenyooka, hakuna aliyeushika. Halafu ukaanza kurudi. Polepole. Inchi moja. Nyingine. Kuna kilichokuwa kikiusukuma kutoka ndani.

"Twende," Wilmot akasema.

Hedley hakusogea. Alikuwa amesimama kati yake na tundu.

"Hedley, twende!"

"Nisamehe, shemeji." Kisha akageukia ule mdomo mweusi wa mzinga, akapaza sauti kama mtu anayeita watu waliolala. "Jabez! Jabez Rowe! Nimewaletea! Huyu hapa, mtazama pete! Mchukueni mniache!"

Mara ya kwanza Hedley alimuuza kwa watu. Sasa anamuuza kwa wafu.

Ndipo sauti ikatoka mzingani, ya mzee, kavu, iliyozoea kuita zamu. Jabez Rowe, mmoja wa wale saba. Wilmot alimzika Novemba.

"Namba mbili?"

"Yupo," ikajibu sauti nyingine, kushoto kwao.

"Namba tatu?"

"Yupo." Hii ilikuwa nyuma ya shingo ya Wilmot. Ilikuwa na harufu ya baruti mbichi.

Waliitwa wote. Waliitika wote. Kisha ile sauti kavu ikauliza, taratibu, kama siku ya mazoezi:

"Pete?"

Hilo ndilo swali aliloulizwa Hedley barazani. Angeweza kujibu lingine. Wilmot alimwona akifumbua mdomo, akaufumba, akaufumbua tena. Kwa nukta moja alidhani atausema ukweli.

"Treloar alisema imefika," Hedley akasema.

Mnara ukatikisika.

Boila zilikuwa baridi. Hakukuwa na mvuke. Lakini meno ya gurudumu kubwa chini yao yakauma, chuma kikalia juu ya chuma, na mnara ukaanza kugeuka. Mwanga wa tundu ukateleza ukutani. Tundu la sakafuni likaanza kufungika, kama mwezi unaoliwa.

Wilmot alijirusha. Hedley akamdaka mguu. "Ni yeye!" alipiga kelele. "Ni yeye, si mimi!"

Mkono mwingine ukamshika Wilmot. Huu ulitoka juu, ukamkaba ukosi wa koti, ukamsukuma chini. Aliujua msukumo ule. Ndivyo Jabez alivyokuwa akiwashusha ngazini vijana wanaozembea. Vidole vya Hedley vikabanduka. Wilmot akaanguka kwa mgongo kwenye sakafu ya chini, na juu yake palikuwa pamekuwa chuma.

Alisikia Hedley akigonga. Alisikia akiita, "Wil! Shemeji! Nitasema! Nitasema sasa!"

Alisikia mdeki ukisukumwa. Mara moja. Watu wengi, wakivuta pumzi kwa pamoja.

Basi.

Iliwachukua mabaharia ishirini na nyenzo za kuzungushia kwa mkono mpaka saa nane kuurudisha mnara. Mlinzi aliapa kwamba alisikia ukigeuka, na kwamba aliona mtu mmoja tu akitoka. Ndani hamkuwa na mtu. Juu ya sakafu palikuwa na buti za Hedley, zimesimama bega kwa bega, kamba zimefungwa. Mdeki ulikuwa mzingani. Pete ilikuwa nje shibiri nne. Walipouchomoa, wakapeleka taa na kioo mpaka mwisho wa mzinga, hawakuona kitu. Kitambaa cheupe walichosukuma ndani kilirudi cheupe.

Wilmot alisimulia yote mbele ya nahodha, kama ninavyoyasimulia. Waliyaandika, wakamtazama, wakamwacha aende zake. Nyumbani Tamsin alimsikiliza tena mpaka mwisho. Usiku alilala chumba kingine, na Wilmot hakumwita.

Hakuna baharia aliyekubali kuushika ule mzinga. Julai wakauondoa. Winchi iliuinua juu ya gati, watu wa mtaa tumejaa kutazama, na karani wa bohari akalinganisha mzani wa mnyororoni na uzito uliochapwa kitakoni mwa mzinga kiwandani.

"Umezidi," akasema. "Ratili mia na sitini na nane."

"Angalia vizuri, mzee," fundi wa winchi akamtania. "Labda umeuvuta mnyororo."

Tamsin alikuwa mbele yetu. Aliposikia ile tarakimu, uzito uleule wa kaka yake, alikaa chini, palepale kwenye matope, na gauni lake la kanisani.

Wakauinua upya. Wakaacha uning'inie mpaka utulie kabisa, upepo hakuna, mnyororo umenyooka. Tarakimu ni ileile. Ila karani alikuwa amerudi hatua mbili nyuma, kofia mkononi, anatazama sindano ya mzani.

Haikuwa imetulia. Ilipanda kidogo, ikashuka. Ikapanda, ikashuka. Kwa utaratibu, kama kifua cha mtu anayehema.