Mawe Juu ya Bati

Batuli alikuwa anaanika mwani uani aliposikia kishindo juu ya paa. Du! Akanyanyua kichwa. Du! tena.

"Baba Musa, unafanya nini huko juu?"

"Naongeza mawe," alijibu mumewe, Maftaha. "Si mnasema kimbunga kinakuja?"

Ya Rabi! Tangu jana redio inasema kimbunga kinaelekea pwani ya Kilwa. Tangu jana Batuli anamwambia mumewe wafunge paa kwa waya. Yeye anajibu, "Kipo mbali." Leo ndiyo kapata dawa: mawe! Hapo kijijini Pande wengi huweka mawe juu ya bati, upepo wa kusi usilibebe. Nyumba yao ilikuwa na manane. Sasa Maftaha alitaka yawe kumi na manne. Na chini ya mawe hayo hayo ndipo kilipokuwa kitanda cha mama yake, Bi Kijakazi. Bibi huyo miguu haimbebi vizuri tena, na alikwishaapa kwamba hatoki ndani.

"Mwaka ule tulihama wote!" Bi Kijakazi alifoka kutoka chumbani. "Kimbunga kilikuja? Hakikuja! Nikarudi, kuku wangu wameibiwa."

"Mama, kuku na roho yako, kipi bora?" Batuli aliuliza.

"Walikuwa wanne!"

Batuli akashika kiuno. Mama mbishi, mwana mbishi. Jamani, presha ingemuua kabla ya kimbunga.

"Hodi!" Kazija, jirani yao, aliingia. Alikuwa katika kamati ya maafa ya kijiji, na alipewa mafunzo. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kama umekuja kunihamisha, rudi."

Kazija alicheka, kisha akatazama mlango. Kila redio ilipotoa taarifa ya hali ya hewa, Batuli aliandika hapo kwa mkaa kimbunga kiko umbali gani. Saa kumi na mbili asubuhi, kilomita 400. Saa sita mchana, kilomita 300.

"Mia tatu ni kama hapa na Dar!" Maftaha alisema kutoka juu. "Bado sana."

"Na basi likitoka Dar, shemeji, halifiki?" Kazija aliuliza. "Hebu hesabu. Kwa saa sita kimesogea kilomita mia. Zimebaki mia tatu. Kikienda hivyo, baada ya saa kumi na nane kiko hapa. Yaani kesho alfajiri. Tena upepo wake hutangulia. Na mwendo wake hubadilika, kwa hiyo msiache kusikiliza redio."

Maftaha aliweka jiwe la mwisho. Kisha akasema, "Ndiyo maana naweka mawe. Marehemu baba aliweka, na kusi zote zimepita."

Kazija alichukua ungo, akaweka kijiwe juu yake. "Shuka, shika huu." Maftaha akashuka, akaushika. Kazija akaupiga kwa nguvu kutoka chini. Kijiwe kikaruka, kikamwangukia Maftaha mguuni.

"Aka!"

"Hicho ni kidogo," alisema Kazija. "Upepo wa kimbunga huingia chini ya bati na kulinyanyua. Jiwe litaanguka wapi?"

Maftaha alitazama dirisha la mama yake. Alipanda tena, akaanza kuteremsha mawe, moja moja, yote kumi na manne.

"Nimesema tangu jana!" Batuli alisema. Hasira zilimjaa, lakini alileta waya na kamba zake nene za shamba la mwani. Wakafunga bati kwenye mbao, na mbao kwenye nguzo. Kisha Batuli akaweka vyeti, tochi, redio na dawa za bibi ndani ya mfuko wa plastiki. Akajaza madumu maji ya kunywa, akafungasha na mihogo mikavu.

"Mimi siendi," alisema Bi Kijakazi.

Batuli hakubishana tena. Alileta tenga, akawatia kuku wote watano. "Kuku wanaondoka, mama. Wewe baki."

Bibi alilitazama lile tenga. Kisha akasema, "Nipeni mkongojo wangu."

Kabla ya magharibi, bajaji iliwafikisha shuleni, kule mlimani, kimbilio la kijiji kizima. Alfajiri upepo ulinguruma, kisha ukatulia ghafla. Maftaha akasimama.

"Kimekwisha. Nakwenda kutazama nyumba."

"Kaa chini!" Batuli alimvuta shati. "Da Kazija kasema hapo ni katikati ya kimbunga tu. Upepo utarudi kwa upande mwingine."

Haukupita muda, ukarudi, mkali kuliko mwanzo.

Waliondoka shuleni jioni, redio ilipotangaza kwamba hatari imepita. Kwao bati moja tu lilikuwa limeng'oka, juu ya kitanda cha Bi Kijakazi. Godoro lilikuwa limelowa, basi. Lakini kwa jirani yao Huseni, ambaye naye alihamia shuleni, mawe hayakuwa yameteremshwa. Maftaha alichungulia chumbani mwa Huseni. Jiwe kubwa lilikuwa juu ya mto wa kulalia.

Alirudi kwake taratibu. Mama yake alikuwa amekaa juu ya jiwe moja karibu na mlango, anahesabu kuku.

"Wote wapo," alisema Bi Kijakazi. "Na haya mawe usiyarudishe juu, mwanangu. Hapa chini yananifaa kukalia."

"Siyarudishi, mama," alisema Maftaha, akamgeukia mkewe. "Mama Musa, waya umebaki?"