Dawa Nyembamba ya Orpha

Adhuhuri, soko la Likasi likinukia samaki wa Ziwa Tshangalele, Parfait aliingia kwa haraka katika duka la dawa, akajikwaa kizingitini.

"Polepole, papa. Ukianguka hapa nitakuuzia bandeji," alisema Orpha, kitenge chake cha kijani kikichungulia chini ya koti jeupe.

Parfait alicheka kidogo, kisha akampa karatasi ya daktari. Mama yake, Henriette, alikuwa na malaria, na kila kidonge alichomeza alikitapika. Orpha akampa pakiti mbili. Ndani ya kila moja mlikuwa na jani laini la dawa, jembamba kama ukurasa wa Biblia.

"Umuwekee juu ya ulimi. Inayeyuka bila maji. Kichefuchefu kikiisha, atameza vidonge."

"Na nikiwa na swali?"

"Piga simu."

"Na nikikosa swali?"

"Piga tu."

Kesho yake asubuhi alipiga, lakini si kwa utani.

"Umeniuzia karatasi, Orpha. Nimeiacha mu sahani ya mama, sasa sahani iko tupu, mama iko anatapika. Nimeambia watu wote wa soko: weye ni mwizi."

Orpha alianza kuvua koti lake. Miezi sita alikuwa akiwashawishi wateja waiamini dawa ile mpya.

"Nakuya," alisema, akatoka kwenda kwao.

Alimkuta Mama Henriette kitandani, amedhoofika. Kwenye sahani palikuwa na unyevu wenye utelezi. Mama alikuwa wa kikundi cha maombi. Hakuwa akinywa dawa kabla ya kuinyunyizia maji yaliyoombewa. Orpha hakucheka. Alipiga magoti.

"Mama, maji yameyeyusha dawa mu sahani."

"Sasa Mungu atasikia maombi bila maji?"

"Atasikia, mama. Ombea mikono yangu, kisha niifute ikauke, isiyeyushe dawa."

Mama akaomba. Orpha akafungua pakiti ya pili, akaliweka jani ulimini mwa mama. Parfait alisimama na beseni mkononi. Nusu saa ikapita, mama akameza vidonge. Saa nzima ikapita. Beseni lilibaki kavu.

Nje, Parfait alisema, "Chérie, mpenzi wangu, unisamehe."

"Chérie ni nani? Asubuhi nilikuwa mwizi."

"Nilisema mbele ya watu."

"Basi uombe msamaha mbele ya watu."

Siku ya tatu, duka likiwa limejaa, Parfait aliingia na shati jeupe lililopigwa pasi.

"Huyu hakunidanganya," aliwaambia wateja. "Miye sikumuuliza, nikamuhukumu."

"Wa nyuma hawakusikia," alisema Orpha.

Akarudia. Kisha akashusha sauti. "Mama amepona. Anauliza kama utakubali kuwa wa kwetu."

"Uulize weye mwenyewe. Siolewi na mama yako."

Wateja wakasogea karibu. Parfait akauliza, na safari hii akangoja jibu.