Nishikie Shift

Kitufe cha Shift kilishuka chenyewe saa tano asubuhi, mbele ya macho ya Mwanamvua, na hakikurudi juu mpaka alipomaliza kuvuta picha ya bwana harusi.

Aliutazama mkono wake. Ulikuwa kwenye mausi, mahali pake. Mwingine hakuwa nao. Wa kushoto ulikatwa juu ya kiwiko mwaka juzi, bajaji ilipopinduka njia ya Chamwino, na tangu hapo mkono wa baibui wa upande huo aliukunja na kuubana begani kwa pini.

Tuseme ukweli, hakuna aliyetegemea arudi kazini. Duka la uchapaji la Mzee Gaudence, mjini Dodoma, linaishi kwa kadi za harusi na mabango ya send-off, na kazi hiyo inataka mikono miwili: wa kulia unavuta picha kwa mausi, wa kushoto unashikilia Shift kwenye kibodi ili sura ya mtu isitanuke ikawa pana kama sinia. Miezi ya mwanzo Mwanamvua aliomba msaada kwa Gideoni, kijana fundi wa kompyuta aliyekaa kushoto kwake. "Nishikie Shift," alikuwa akisema, na Gideoni ananyoosha kidole. "Nishikie Control." Kisha, "Asante, achia." Mara mia kwa siku. Gaudence alivumilia, lakini alishamwambia waziwazi kwamba hawezi kuweka watu wawili kwenye kadi moja. Na bila kazi ile, Mwanamvua na mdogo wake Shamila, waliobaki wawili tu duniani, hawakuwa na pa kushika.

Ndipo Gideoni akaleta mausi yenye vitufe viwili vya ziada ubavuni, pale dole gumba linapokaa. Akaingia kwenye mipangilio ya kompyuta, akakifanya cha mbele kiwe Shift na cha nyuma kiwe Control.

"Dada, sasa dole gumba ndilo mkono wako wa kushoto," alisema.

Siku hiyo Mwanamvua alilia kwa furaha, wala hakuona aibu.

Lakini mdomo ulikuwa umeshazoea. Kila akibonyeza alinong'ona, "Nishikie." Kila akimaliza, "Asante, achia." Gideoni alishahamia kaunta ya mbele, kiti chake kikabaki kitupu, na mwenzetu akaendelea kukiomba kiti. Akijisikia anacheka mwenyewe. Miezi mitatu aliomba hivyo, mpaka asubuhi ile kitufe kiliposhuka.

"Gideoni, njoo kidogo," aliita. "Hiki cha kibodi kinatakiwa kushuka nikibonyeza cha mausi?"

"Hapana, dada. Mausi inaongea na kompyuta tu. Kibodi haina habari."

"Haya, tazama."

Alibonyeza kwa dole gumba. Kwenye kibodi, Shift ikashuka taratibu, kama inavyoshuka chini ya kidole cha mtu. Gideoni alirudi nyuma hatua moja, akanusa.

"Hapa pananuka kisima," alisema kwa sauti ya chini. Na ilikuwa Agosti, vumbi la Dodoma limekauka mpaka kwenye meno.

Hapo hapo alifuta mipangilio yote na kumletea mausi ya kawaida, isiyo na kitufe cha ubavuni. Mwanamvua akavuta picha ya bibi harusi, bila kugusa kibodi, bila kuomba, akisubiri uso utanuke. Haukutanuka.

Hapa ndipo ninapomlaumu, ingawa ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo. Angeondoka siku ile, labda. Badala yake alimwambia Gideoni kwamba mambo yametulia, akafanya kazi. Alifanya wiki mbili, haraka kuliko alivyokuwa na mikono yote, na Gaudence akawa anamsifia mbele ya wateja. Alijua anashikiwa. Aliogopa, lakini kufukuzwa alikuogopa zaidi.

Alhamisi, wenzake wakiwa wametoka kwenda kula na feni ikizunguka bila kuleta hewa, alihisi pini begani ikifunguka yenyewe, mkono wa baibui ukateremka na kujikunjua juu ya meza, na haukulala bapa kama nguo isiyo na mtu bali ulijaa, kuanzia begani, kwenye kiwiko, mpaka kwenye kifundo, na pale mwisho wake, pasipoonekana hata kidole kimoja, Shift ikashuka, ikapanda, ikashuka tena, huku ile harufu ya kisima ikimwingia hadi kooni na pumzi ya mtu asiye na haraka ikimpuliza sikio la kushoto.

"Nimekushikia siku nyingi," ilisema sauti ya mwanamke, kistaarabu kabisa. "Na wewe nishikie kidogo. Narudi."

Huku kwetu mtu akikwambia nishikie, unapokea kwanza, maswali baadaye. Stendi nzima inaishi hivyo, kina mama wanapokeana mizigo na hawajuani hata majina. Kiganja cha Mwanamvua kilifunguka kabla akili haijafika. Kitu kidogo, baridi, kikatua. Vidole vikafunga, na mkono wa baibui ukanywea.

Waliporudi kula walimkuta amekaa vile vile, ngumi juu ya meza. Gideoni alijaribu kuvifungua vidole, kwa upole kwanza, kisha kwa nguvu, havikufunguka.

Shamila alimpeleka Msalato kwa Shehe Mrisho, ambaye ametoa majini wengi na hajisifu. Shehe alisoma siku tatu. Alifukiza ubani, akamnywesha kombe la aya, akaipaka mafuta ile ngumi. Siku ya tatu aliufunga msahafu.

"Binti, aliyeingia kwa nguvu namtoa," alisema. "Huyu aliitwa, akafanya kazi, akashukuriwa. Nimtoe kwa kosa gani?"

"Basi nitoe hiki tu, shehe. Ndio mkono niliobakiwa nao."

Shehe aliinama, akaweka sikio kwenye ngumi, akasikiliza. Alipoinuka alilifuta sikio kwa ncha ya kanzu.

"Alisema anarudi lini?"

"Hakusema."

"Usikibane sana," alisema Shehe Mrisho, na hakuwatazama tena mpaka walipotoka.

Kazini hakurudi. Mtu asiye na hata kidole cha kutumia, Gaudence angemweka wapi? Nyumbani Shamila anamwogesha, anamvisha, anamlisha. Ngumi inazidi kuwa nzito, siku hizi inalazwa juu ya mto.

Juzi asubuhi alikuwa akimnywesha uji, na kutoka ndani ya ngumi kikaanza kilio chembamba cha mtoto mchanga.

Shamila alishusha kijiko. "Dada," alinong'ona, "kinataka nini?"

Mwanamvua alikuwa ameshajua tangu alfajiri, maana aliamka kanga imemlowa kifuani, yeye ambaye hajawahi kuzaa.