Usipake Pauda Kesho

Asubuhi hiyo Javan alikuwa Kariobangi akigonga sanduku la bati kama mtu anaua nyoka. Masanduku ya shule hayatakangi nguvu hivyo. Bati ikapasuka, ikamkata kidole. Hakufuta damu. Kichwani alikuwa na meseji moja tu, ile aliiona jana kwa simu ya mpenzi wake Muhonja: "Kesho saa tatu. Usipake pauda wala perfume kifuani. Shitanda."

Akatupa bati. Nyundo akabaki nayo.

Walijuana Januari, hapo hapo kwa kelele. Muhonja, mama wa miaka arobaini anayeshona viatu vya ngozi Kariokor, alikuja amevaa gauni ya njano kununulia msichana wake Triza sanduku la boarding.

"Fundi, hii kitu inapiga kelele kuliko mama mkwe!"

"Mama mkwe yupi? Nipe namba yake nimsalimie."

"Aki wewe! Hata jina hujaniuliza, ushaanza kuoa?"

Akaenda na sanduku na namba ya Javan. Kila jioni simu. "Umekula, fundi wangu?" "Siwezi kula, mrembo, nakungoja."

Halafu mwezi wa nne Muhonja akabadilika. Akaacha bia. Chips akakataa, akataka kunde. Akaanza kutembea kwa miguu mpaka kazini.

"Unajikondeshea nani?" Javan akamuuliza.

"Mimi mwenyewe."

Tangu hilo jibu Javan akaanza kuchungulia simu yake.

Sasa, nyundo mkononi, akajificha karibu na ploti anayopanga Muhonja, Tassia. Saa tatu kasoro akamwona anatoka, anaingia jengo la pili. Mwanaume mwenye shati safi akamfungulia mlango, akamshika bega. Javan akapiga simu.

"Uko wapi, babe?"

"Kariokor, dear. Niko bize."

Nyuma yake sauti ya mwanaume ikasema, "Madam, toa blauzi."

Javan alipanda ngazi akiruka tatu tatu. Hakusoma kibao. Teke moja likang'oa kitasa. Yule mwanaume, Shitanda, alitokea sasa amevaa koti jeupe, akainua mkono kujikinga, nyundo ikatua kwa kiganja. Mfupa ulilia kraa! Javan akampiga pua kwa kichwa, damu ikaruka mpaka ukutani. Wamama waliokuwa wameketi kwa foleni wakamrukia na mikoba na viatu. Mmoja akamuuma sikio.

"Javan!" Muhonja alitoka na gauni ya kliniki, ameishika kifuani. "Umefanya nini?"

"Si ndiye huyu anakukataza pauda?"

"Pauda inaharibu picha! Inatokea kama ugonjwa! Ni picha ya matiti, Javan. Mamangu aliuawa na kansa ya matiti akiwa na miaka arobaini na nne. Alingoja mpaka titi likatoboka. Mimi nikasema sitangoja, ndiyo nikaacha bia na chips. Na nimeskia kitu hapa, kama punje ya njugu."

"Si ungeniambia..."

"Ungenitazama vile unanitazama sasa."

Shitanda alikuwa chini, kiganja kimelegea kama kitambaa. "Mashine naiendesha mimi pekee," akasema. "Wamama, rudini nyumbani."

Hakuna aliyepigwa picha siku hiyo. Hata Muhonja.

Polisi walimlaza Javan ndani siku tatu, kaka yake, Kweyu, akamtoa kwa bondi ya polisi. Javan akampigia Muhonja simu mara kumi na tisa. Ya ishirini ikashikwa.

"Muhonja wangu, nisamehe. Nitalipa huyo daktari, nitakuja tuende pamoja..."

"Usikuje. Nimepata pahali pengine pa kupigwa picha, baada ya wiki mbili. Javan, hiyo mikono yako naiogopa kuliko hii njugu."

Akakata.

Wiki mbili zikaisha. Ya tatu ikaingia. Javan akaketi juu ya sanduku ambalo halijapakwa rangi, akaandika, akafuta, akaandika tena: "Majibu yamesemaje? Kama hunitaki ni sawa. Niambie tu kama uko salama."

Tiki moja. Tiki mbili. Zikageuka bluu.

Akaangalia pale juu, chini ya jina la Muhonja, pale huwa panasema anaandika. Palibaki jina tu.

Mafundi wengine wote walikuwa wanagonga. Yeye alikaa na simu mpaka ikaisha chaji.