Masizi Uani mwa Zahanati

Jumanne asubuhi, saa moja na nusu, kichujio cha mtambo wa kupima hewa kilikutwa cheusi tititi uani mwa zahanati, kwenye kilima cha Bhutan kinachotazama tambarare za India. Lhaden, afisa wa mazingira, alishika kichwa. Alhamisi wageni kutoka ng'ambo ya mpaka wangekuja kuonyeshwa moshi wa tanuri zao za matofali, ule unaowakohoza watoto wa kilima kizima. Wakigundua masizi haya ni ya hapa hapa, wangecheka na kurudi zao.

"Si ni hao hao wa bondeni!" alisema Mzee Namgay, mlinzi.

"Alfajiri upepo unashuka kutoka mlimani, mzee wangu. Moshi wao umepandaje?"

"Basi ni yule dereva Phub na lori lake bovu."

Phub alipoulizwa alikuja juu. "Lori liko gereji wiki nzima! Haliwaki, moshi litautoa wapi?"

Lhaden alikwangua masizi, akanusa. Yalinukia vizuri. Chini ya mtambo palikuwa na majivu, na ndani yake chembe za unga na tone la siagi. Lori gani linakula siagi? Akatabasamu, akaenda kubisha kwa Bibi Dago, jirani wa ukuta kwa ukuta.

"Bibi, nani anachoma matawi ya mreteni, na unga na siagi ya kufukizia, kando ya chombo changu?"

"Mimi. Kwani kuna mwingine anayekijali?"

"Lakini kwa nini?"

"Kila siku mnasema kimesoma uchafu. Nikakionea huruma. Nyumba mpya tunaifukiza itakasike, mtoto mchanga tunamfukiza. Chenyewe nani amekifukiza?" Akaelekeza kidole ndani. "Mjukuu wangu Pema anakohoa mpaka anatapika, Lhaden. Nilitaka kiseme neno jema."

Hamu ya kumkemea ilimwisha Lhaden. Alimshika bibi mkono.

"Kwa chombo, moshi ni moshi, Bibi. Hakijui sala."

"Basi hakina adabu," alinuna Bibi Dago. Lakini makaa aliyazima.

Alhamisi kichujio kilikuwa kipya. Mchana upepo ukageuka, ukapanda kutoka tambarare, na namba zikapanda nao mbele ya macho ya wageni.

"Labda ni majiko yenu," alisema mkubwa wao.

Bibi Dago alisogea, mjukuu wake Pema akikohoa mgongoni.

"Moshi wangu nimeuzima, baba," alisema. "Huu ni wa nani?"